Kraki, leseni au programu huria: ofisi ndogo ya Lubumbashi ichague ipi?

Karibu kila mteja anayeniletea kompyuta hapa Kamalondo huongeza ombi moja kabla hajaondoka: «Fundi, unitilie na Office, ile ya bure.» Anamaanisha nakala iliyovunjwa kufuli, ambayo sisi mafundi tunaiita kraki, na hana nia mbaya hata kidogo. Kwake yeye programu ni sehemu ya mashine kama kibodi ilivyo, wala hajawahi kuonana na mtu aliyeilipia. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi kwa nakala za namna hiyo, enzi ambazo flashi moja ilizunguka mtaa mzima, kwa hiyo siandiki ili kumhukumu mtu. Naandika kwa kuwa neno «bure» limekuwa gunia moja tunalotia vitu vitatu visivyofanana: programu iliyochukuliwa bila idhini ya mwenyewe, programu inayolipiwa na matangazo, na programu huria, ambayo walioitengeneza wameamua kwa maandishi kwamba uitumie, uichunguze, uibadilishe na uigawe.

Kila programu imelipiwa na mtu fulani, mahali fulani. Anayetaka kuchagua vizuri aulize basi mambo manne: nitatoa nini leo, nitatoa nini kesho, nani ataitengeneza ikiharibika, na je, njia ya kulipa inafika Lubumbashi? Nitazipima njia zote kwa maswali hayo, ingawa sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazina uzito sawa.

Kraki

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi wa Februari 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani, akilalamika kwamba wananakili ovyo BASIC, lugha ya kuandikia programu, ambayo kampuni yake changa iliitengeneza kwa ajili ya kompyuta ya Altair, na kwamba katika wamiliki wa mashine hiyo, walioinunua hawakufika asilimia 10. Aliuliza ni nani atakayekubali kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo. Swali lake lilikuwa la haki. Jibu lake, yaani kila nakala ilipiwe, lilikuwa moja tu kati ya majibu yanayowezekana, na miaka karibu 50 iliyofuata imetuonyesha mengine.

Kwa swali la kwanza, la gharama ya leo, kraki haina mpinzani: haigharimu kitu, au inagharimu faranga chache za fundi. Ugumu unaanza kwenye swali la pili. Kraki hubadilisha sehemu ya programu inayodai leseni, au huweka pembeni kijiprogramu kinachoidanganya kwamba imekwisha kuthibitishwa. Ili ifanye hivyo inahitaji mamlaka yote juu ya mashine, na karibu kila mara maelekezo yake huanza kwa kukuambia uzime antivirusi. Ni sawa na kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za nyumba, kisha ukamfunga mbwa ili asimsumbue. Anayetaka kusambaza virusi hana mlango mpana kuliko huo.

Baada ya hapo mwenye mashine huzima pia masasisho, akiogopa kwamba Windows yake itagunduliwa. Mwezi wa Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi na kuvuruga hata hospitali za Uingereza, wakati dawa yake, yaani sasisho la Microsoft, ilikuwa imetolewa tangu Machi ya mwaka huohuo. Waliopata hasara ni wale ambao sasisho hilo halikuwafikia. Mwenye Windows ya kraki anaishi siku zote katika kundi hilo, kwa hiari yake.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya mwanafunzi aliyebakiza siku chache awasilishe kazi yake ya mwisho wa masomo. Mafaili yote yalikuwa yamefungwa na ujumbe wa kudai fedha ulikuwa umejaa kioo kizima. Kisababishi kilikuwa kijiprogramu cha kuthibitisha Office alichokipakua usiku uliotangulia. Hakuwa na nakala nyingine mahali popote. Nilikaa naye hadi jioni na sikuweza kuokoa hata ukurasa mmoja, na tangu siku hiyo siweki tena kraki kwenye mashine ya mtu.

Upande wa sheria nausema kwa ufupi. Nchi yetu ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu Januari 1997, na mkataba wa shirika hilo juu ya haki za wabunifu, TRIPS, unaihesabu programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi inayolindwa na haki ya mtunzi. Kwamba hakuna anayekuja kukagua kibanda chako hakubadilishi jambo hilo, na siku ofisi yako itakapoomba zabuni kwenye kampuni kubwa ya mgodi au kwenye shirika la kimataifa, huenda swali la leseni likawa la kwanza kuulizwa.

Kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo yote, na ambalo halisemwi inavyostahili. Tunadhani kraki inaumiza kampuni tajiri za mbali. Muungano wa kampuni za programu, BSA, ulikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 37 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta duniani hazikuwa na leseni halali. Ni makadirio ya wenye mali, na si kila nakala iliyonakiliwa ingenunuliwa kwa bei kamili. Mwenye kibanda cha Katuba asingetoa mamia ya dola hata kama kraki isingekuwepo. Je, angefanya nini? Angetafuta programu ya bei ndogo, au programu huria, au angemwomba kijana wa mtaani amtengenezee kitu cha dola 20. Hao ndio kraki inaowaua. Mtengenezaji mdogo wa Lubumbashi hashindani na bidhaa ya dola 300; anashindana na bidhaa ya dola 300 inayogawiwa kwa bei ya sifuri, na hakuna bei atakayoipanga ikamwokoa. Kampuni kubwa, kwa upande wake, inabaki na faida moja isiyoonekana: watoto wetu wote wanakua wakijua vitufe vyake tu, na siku wakiajiriwa mahali penye fedha, wanaomba zilezile.

Leseni ya kulipia

Njia ya pili ni kununua, nayo imegawanyika. Zamani ulinunua mara moja ukatumia hadi mashine ikachoka. Mwaka 2013 Adobe iliacha kutoa matoleo mapya kwa mtindo huo ikahamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, na wengine wengi wakaifuata. Kwa mtengenezaji mtindo huu ni mzuri, kwa kuwa mapato yanakuja mfululizo, masasisho yanafika, na wafanyakazi wanalipwa hata mwaka ambao hakuna toleo jipya la kutangaza. Mnunuzi, kinyume chake, anakuwa mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake hupangwa mbali. Mwezi wa Januari 2025 bei ya Microsoft 365 ya mtu mmoja nchini Marekani ilipanda kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka.

Kwetu linaongezeka swali la nne. Kulipa kunahitaji kadi ya benki inayokubalika kimataifa, wakati fedha za wateja wetu wengi zimo katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Programu nazo huhitaji kuingia kwenye intaneti mara kwa mara ili zithibitishe malipo, na mega zikiisha au umeme ukikatika siku hiyo, unaweza kuzuiwa kutumia kitu ulichokilipia. Wapo wanaokimbilia funguo za leseni zinazouzwa dola chache kwenye tovuti zisizojulikana. Nyingi kati ya hizo zimetoka kwenye leseni za taasisi au shule na hazikuruhusiwa kuuzwa tena, kwa hiyo umetoa fedha na bado huna leseni.

Hata hivyo sitaki kuidharau njia hii. Ofisi ya wahandisi inayobadilishana michoro na kampuni za Kolwezi kila siku ina haja ya programu ileile ya mteja wake, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya kazi kama vile mafuta ya gari yanavyoingizwa.

Bure ya matangazo na bure ya majaribio

Hapa sitakaa sana. WPS Office ya kampuni ya Kingsoft inapatikana bila malipo na inafungua vizuri mafaili ya Word, huku matangazo na toleo la kulipia vikigharamia kazi. Ni halali, na kwenye simu inawafaa wengi. Mtindo wa kumpa mtu ajaribu kisha alipe akiridhika ulianza Marekani mwaka 1982 na haukufa. WinRAR, ya kubana mafaili, hadi leo inakuambia siku 40 za majaribio zimekwisha, kisha inakuacha uendelee. Udhaifu wake ni mmoja: masharti yako mikononi mwa mwenye programu, naye anaweza kuyabadilisha atakapo, kama alivyo na haki.

Programu huria na wanaoilipia

Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo-endeshi huria wa kompyuta, mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaongeza kiini cha mfumo huo, Linux. Uhuru wanaousema hauhusu bei. Leseni ya GPL, iliyotoka kwenye mradi huo, inakuruhusu hata kuuza nakala, ilimradi unayemuuzia apate msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo, na haki zilezile ulizozipata wewe. Kwa hiyo swali la Gates linabaki palepale: nani anawalipa? Majibu ni mengi, na mtu anayechagua programu huria anapaswa kuuliza inaishi kwa jibu gani, maana uimara wake unategemea hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Blender, ya kutengeneza picha za pande tatu na katuni. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilianguka mwaka 2002. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, alikubaliana na wenye hisa kwamba wakilipwa yuro 100,000, msimbo utaachiliwa. Watumiaji walichanga fedha hizo kwa muda wa wiki saba, na mwezi wa Oktoba 2002 Blender ikawa huria chini ya GPL. Programu ilinunuliwa mara moja, na umma, kwa ajili ya wote waliokuwepo na watakaozaliwa. Leo ina mfuko wa maendeleo unaopokea michango ya kila mwezi ya watu binafsi na ya kampuni, na kijana wa Ruashi anaipakua sawasawa na studio ya Hollywood.

Njia ya pili ya kuwalipa ni huduma: programu ni yako bila malipo, unalipia msaada. Red Hat ilikua kwa biashara hiyo hadi IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Ya tatu ni mchanganyiko wa michango na kampuni. LibreOffice, inayofanya kazi za Office, inasimamiwa na The Document Foundation, iliyoanza mwaka 2010 na inayoishi kwa michango, lakini sehemu kubwa ya msimbo huandikwa na wafanyakazi wa kampuni zinazouza msaada kwa ofisi kubwa. Ya nne ni fedha za umma. Takwimu za kanda za afya za nchi yetu zinakusanywa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kufadhiliwa na serikali ya Norwei pamoja na wafadhili wengine wa afya. Muuguzi anayejaza fomu yake anatumia programu iliyolipiwa na walipa kodi wa mbali, na hakuna anayemdai leseni.

Si kila programu huria ina mlezi, na hilo nalisema wazi. OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka hadi kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa mwaka 2014. Hapo ndipo kampuni kubwa zilizoitegemea kwa miaka zilipotoa fedha. Mwezi wa Machi 2024 ikaonekana kwamba mtu aliyejipenyeza kwa uvumilivu wa miaka miwili hivi alikuwa ameingiza mlango wa siri kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo mtunzaji wake alikuwa amechoka na karibu peke yake. Mlango huo uligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini mashine yake inachelewa kwa nusu sekunde. Msimbo ulikuwa wazi, ndiyo sababu aliweza kuchunguza. Katika kraki hakuna wa kuchunguza. Lakini funzo kwa anayechagua ni kuangalia kama mradi una shirika, watu kadhaa na matoleo ya karibuni, kabla hajaukabidhi ofisi yake.

Kazi kwa kazi

Kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, kama vile vilivyojaa barabara zinazoelekea soko la mtaa wetu wa Kenya, kinahitaji LibreOffice na hakihitaji zaidi. Lalamiko ninalolisikia ni kwamba barua ya mteja «inaharibika» ikifunguliwa. Mara nyingi tatizo ni herufi. Weka Carlito mahali pa Calibri na Liberation Serif mahali pa Times New Roman, kwa kuwa zimepimwa upana uleule, kisha amuru mashine ihifadhi kwa muundo wa Word, na malalamiko mengi yatakwisha. Nyaraka zenye fomu ngumu au makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha, zitabaki kusumbua, na kwa ofisi inayoishi kwa hizo ningeshauri leseni moja ya kulipia kwenye mashine moja, nyingine zote zibaki na LibreOffice.

Kwa wachapaji wa mabango ya turubai jibu ni gumu zaidi. CorelDRAW, programu ya kuchora ya kulipia, ndiyo lugha yao, na mara nyingi kwa kraki. Inkscape, iliyo huria, inachora vizuri, lakini haijawa na nguvu katika rangi nne za uchapaji, kwa hiyo kazi yake hupitishwa kwenye Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, kabla ya kwenda mashineni. Anayepokea kazi kubwa kila siku atapoteza muda, na muda wake una bei. Kwake mimi ningesema alipie. Anayeanza na kadi za harusi na vipeperushi aanze na Inkscape, wala asiogope.

Mhasibu ndiye ninayemkataza kraki bila kusita. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, mpango wake wa hesabu, SYSCOHADA, ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2018, na kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ya asilimia 16 inadaiwa kwenye ankara. Programu ya hesabu isiyosasishwa ni kosa linalosubiri siku ya ukaguzi, na mashine yake ndiyo yenye namba za benki na mishahara ya watu. Odoo, programu ya kuendeshea biashara, ina toleo huria lenye mpango wa akaunti wa SYSCOHADA, huku ripoti kamili za hesabu zikibaki katika toleo la kulipia. Ndivyo kampuni hiyo ya Ubelgiji inavyopata riziki. Kwa duka dogo, toleo huria pamoja na mhasibu anayejua kazi yake vinatosha. Kwa kampuni yenye wafanyakazi wengi, kulipia ni rahisi kuliko kujutia.

Mwanafunzi wa jiolojia wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ana bahati kuliko wote. QGIS, programu huria ya ramani iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2009, inasoma mafaili ya ramani yanayotumika kwenye kampuni za migodi, inaendelezwa kwa ada za wanachama wafadhili na michango, na haimdai chochote. Sioni sababu hata moja ya kijana wa Kasapa, kampasi ya chuo hicho, kutafuta kraki ya programu ya ramani mwaka huu.

Na anayetengeneza programu hapa?

Kwa vijana wetu wanaoandika programu za maduka ya dawa, shule na vituo vya afya, mizani ni ileile ikigeuzwa upande. Kuuza nakala mara moja ndiko kunakoonekana kwa wepesi na ndiko kunakodhoofu mapema: unauza tatu, ya nne inanakiliwa kwa flashi, nawe unaendelea kupigiwa simu na watu usiowajua. Malipo madogo ya kila mwezi kwa fedha za simu ni bora, kwa sababu yanafuata namna wateja wanavyopata fedha zao, lakini yanataka programu iwe na jambo jipya la kutoa kila wakati, na yanataka usiifunge kikatili mteja anapochelewa wiki moja. Njia ninayoiamini zaidi ni ya kuagizwa kazi: shule kumi zinachanga gharama ya programu moja ya alama na karo, mtengenezaji analipwa kabla na wakati wa kazi, msimbo unabaki huria, kisha kila shule inalipia mafunzo na matengenezo. Hakuna cha kuibwa hapo, kwa kuwa kinachouzwa ni mikono na akili yake. Blender ilikombolewa kwa njia hiyo kwa yuro 100,000; programu ya shule haihitaji hata sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Kwangu, kuweka LibreOffice na kumfundisha mteja kwa saa mbili kunalipiwa bei ileile niliyokuwa nikitoza kuweka kraki. Wengine huondoka wakaenda kwa fundi wa jirani, na baadhi yao hurudi mashine ikijaa virusi. Katika kila malipo tunaweka kando faranga 2,000 ndani ya bahasha, na mwezi wa Desemba rafiki mwenye kadi ya benki hutusaidia kuzituma: nusu kwa LibreOffice, nusu kwa QGIS, kwa sababu wanafunzi ndio wateja wetu wengi.